Herufi Niliyomchongea Shangazi Yako

Mwanangu Agata,

Salamu nilikupa asubuhi ukaitika nusu, kwa hiyo sirudii. Tuanzie pale pale tulipoachana. Uliingia karakana, ukasimama mlangoni kama tarishi aliyeleta hukumu kutoka bomani, ukaweka rozari yako juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya vumbi la mbao, ukasema, "Baba, hii nakuachia." Ukatoka. Mimi nilikuwa na misumari minne mdomoni. Ndiyo maana sikujibu. Usidhani ni kiburi. Kiburi ninacho, tena kingi, ila wakati ule ilikuwa misumari.

Sasa nimeitema. Nimefunga mlango, na mvua hii inayoshuka kutoka mlimani imenifaa, maana hakuna mteja atakayekuja kuniulizia kitanda chake. Mama yako yuko ndani anakufungia sanduku, na najua amekwisha kukueleza ya unga na ya mikeka na jinsi ya kumwamkia mama mkwe wa Kizaramo. Hayo siyajui, wala siyaingilii. Mimi nina neno moja tu la kukueleza, na nimelikalia miaka mingi mpaka limeniota kijipu.

Miezi mitatu sasa hatusemi vizuri, tangu Mwalimu Eliya alipoleta posa. Nilisema sitaki binti yangu aolewe na Mlutheri, na nilisema kwa sauti mpaka majirani wakaacha kutwanga. Mjomba wako akacheka. Alikuja na kiko chake, akaketi pale kwenye gogo la mninga, akaniambia, "Shemeji, mtoto ni wa kwetu. Mimi nimekubali. Wewe endelea kuranda mbao." Huku Uluguru ndivyo ilivyo, kauli ya mjomba ndiyo kauli, na baba ni mgeni aliyekaribishwa akakaa sana. Kisha akaniongezea kwa utani wake, "Mulungu ni mmoja, milango mmemchongea miwili, na nyote mmebanwa humo humo mlangoni." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mjomba wako ana ukoo wake, lukolo lake lina mlima wake, lina makaburi yake, lina jina ambalo hata mtoto mchanga hulirithi kabla hajapata jino. Anaweza kutania. Mimi ukoo wangu ni kanisa. Sina mwingine.

Hilo unalijua kwa juu juu. Unajua baba yako aliletwa pwani utumwani na mapadri wakamkomboa. Watoto wa misheni huimba hadithi hiyo kama wimbo wa kuruka kamba. Lakini kuna mambo sikukuambia, na mengine nilikuambia vibaya kwa makusudi.

Shangazi yako Luisia unamkumbuka. Ulikuwa na miaka saba au minane alipoondoka. Ndiye aliyekufundisha kusuka, na ndiye aliyekuwa akikubeba begani kwenda mtoni huku akiimba, sauti ikasikika mpaka huku juu. Nilikuambia alikufa kwa homa, na ni kweli. Nilikukataza kumtaja, nikasema jina lake linanitia simanzi. Huo ulikuwa uongo, Agata. Jina lake lilinitia aibu.

Walipotukamata, mimi nilikuwa na miaka kama tisa, yeye mitano. Kijiji kilikuwa karibu na ziwa, upande wa machweo, zaidi ya hapo sijui, nisije nikakutungia. Njia nzima alishika pindo la kaniki yangu. Watu wazima walifungwa kwa minyororo. Sisi watoto tulifungwa kwa kamba shingoni. Yeye hakufungwa. Hakuna aliyehangaika kumfunga, maana walijua hataniacha. Huko pwani walitaka kututenganisha. Mwarabu mmoja alimtaka yeye peke yake. Dada yangu alinikumbatia mguu akapiga kelele kwa siku mbili, akakataa chakula, akajiharisha, mpaka yule mtu akasema huyu mgonjwa simtaki. Kwa njia hiyo tukabaki wawili mpaka mapadri walipotukomboa siku moja, yeye na mimi, kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo nilipofundishwa katekisimu, kwamba Yezu ni Mkombozi, sikuhitaji kuelezwa. Wenzangu walikuwa wakikariri neno tu. Mimi nilikuwa na alama ya kamba shingoni, na unaijua, ulikuwa ukiishika ukiwa mdogo.

Waliponipeleka kujifunza useremala kwa bruda, nilijifunza kwa bidii ya mtu anayelipa fadhila. Na walipochagua watu wa kuja huku bara kuanzisha kijiji cha Wakristu chini ya milima hii, nilikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. Tulikuja kwa miguu, na mapadri wawili, na kengele iliyobebwa na watu wanne. Luisia akaja nami. Alikataa kubaki kwa masista. Mama yako nilimpata hapa hapa, wa kwanza katika ukoo wao kubatizwa, na bibi yako hajanisamehe mpaka leo.

Ile sanamu ya Bikira Maria iliyo upande wa kushoto wa altare, unajua ilifikaje. Ilitoka Ulaya imelazwa kwenye sanduku la majani makavu. Mpagazi akateleza mtoni, ikafika haina mkono wa kulia. Padri mzee, yule wa kwanza, Mungu amweke pema, aliniita akaniambia, "Mikaeli, Mama hana mkono." Nikamchongea wa mninga. Nikaupaka chokaa na rangi nyeupe ufanane na ule wa pili. Lakini wanawake wa Kiluguru wakawa kila Jumapili wanaugusa ule mkono, ule tu, mpaka rangi ikatoka yote. Nikapaka tena, ikatoka tena. Ukaja wewe, una miaka minne, ukapayuka katikati ya misa, "Baba, mbona Bikira Maria ana mkono wa shangazi?" Kanisa zima likageuka. Luisia alicheka mpaka akatoka nje. Toka siku ile niliacha kuupaka.

Sasa sikiliza ubaya wangu.

Akaja mwalimu mmoja kutoka Uzaramo, Andrea, amefuatana na mchungaji wa Kidachi, wamekuja kutafuta mahali pa kujenga kituo chao. Walutheri. Sisi tulikuwa tumesikia habari zao kwa mapadri tu: kwamba zamani huko Ulaya alitokea mtawa akagombana na Baba Mtakatifu, akaoa, akatoa sanamu makanisani, na tangu siku hiyo Wazungu hawakupatana. Na wao, nilikuja kujua baadaye, walikuwa wameambiwa kwamba sisi tunaabudu vinyago na padri ametuficha kitabu. Ugomvi wa watu ambao hatukuwajua, wa nchi ambayo hatukuiona, ukapanda meli, ukashuka pwani, ukapanda mlima huu kwa miguu ya wapagazi, ukaingia nyumbani kwangu na kuketi kati yangu na dada yangu. Nami nikaukaribisha. Nikaupa na kigoda.

Luisia alimpenda yule Andrea. Alinijia hapa karakana, akapiga magoti kama desturi, akasema, "Shikamoo kaka. Nimepata mtu." Nikamuuliza ni nani. Aliposema, nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu utayasoma na mimi bado ni baba yako. La mwisho ndilo nitakaloandika. Nilimwambia, "Ukitoka kwenye kanisa hili, umerudi utumwani, na safari hii sitakushika mkono." Akainuka kutoka magotini. Akaondoka na mumewe, siku tano kwa miguu mpaka Uzaramo, na mimi sikumsindikiza hata kufika mtoni. Nilikuwa naranda mlango. Niliuranda mpaka ukawa mwembamba haufai tena.

Miaka ikapita. Akaja mchukuzi mmoja na barua yake. Niliutambua mwandiko wake kabla sijaifungua, maana masista walimfundisha kuandika kwa madoido. Iliandikwa maneno machache: "Kaka, mwanangu amekufa, alikuwa na miezi saba. Hapa hakuna fundi kama wewe. Nichongee msalaba wa kaburi lake, uandike juu yake YESU NI UZIMA. Dada yako, Luisia."

Nilisoma barua ile mara kumi, na unajua nilichokiona? Si mtoto. Si dada yangu ambaye amezika peke yake huko ugenini. Niliona herufi moja. Sisi tuliofundishwa na mapadri tunaandika Yezu, kwa z. Wao wanaandika Yesu, kwa s. Ni jina lile lile la Bwana yule yule, Wazungu wawili walilisikia kwa masikio mawili, basi. Lakini kwetu hapa herufi ile ilikuwa kama chale za kabila, mtu akiandika neno moja tu unajua anasali wapi. Na dada yangu, aliyejifunza kuandika jina hilo pembeni yangu, kwenye kibao kimoja, alikuwa ameandika s.

Nikachagua mkangazi mzuri kuliko wote niliokuwa nao. Msalaba ule, Agata, sijawahi kuchonga mzuri kama ule. Pembeni niliweka majani ya mzabibu, katikati nikabandika vipande vya ulanga, lile jiwe linalobanduka kama magamba, ving'ae juani. Na nikachonga YEZU NI UZIMA. Ile z niliichimba kwa patasi nene kuliko zote, kina cha nusu kidole, ili mtu asiweze kuifuta kwa tupa. Nikaufunga kwenye gunia nikawapa watu wa msafara. Nilijiona shujaa wa dini. Nilikuwa napiga mluzi, wallahi, mimi Mkristu naapa kiislamu, maana sina kiapo kingine kinachotosha kwa upumbavu ule.

Nikaenda kumsimulia padri mzee. Nilitegemea anisifu. Alikuwa anapalilia kahawa zake nyuma ya nyumba, mgongo umeshapinda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na jina la mtoto uliandika nani?"

Nikasema, "Jina gani, padri?"

"La mtoto aliyekufa. Alikuwa anaitwa nani?"

Sikujua. Sikuuliza. Yeye msibani alisahau kuliandika, na mimi niliyekuwa na nafasi ya kuuliza sikukumbuka kwamba mtoto huwa na jina. Padri akashika jembe lake. Aliendelea kupalilia. Ningependa angenichapa.

Majibu ya dada yangu yalikuja kwa mdomo wa mchukuzi yule yule: "Mwambie kaka yangu nimeusoma msalaba wake." Basi. Nikajiambia nitakwenda mwenyewe kuomba radhi mvua zikiisha. Mvua zikaisha, nikawa na kazi ya mabenchi. Mabenchi yakaisha, vikaja vita vya Maji Maji, njia za kusini na za Uzaramo zikafungwa, askari kila mahali, na mtu hakuthubutu kutoka. Na njia zilipofunguka, habari ya kwanza kupita ilikuwa ya kifo chake. Homa. Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema, na husema kwa wepesi kwa sababu mara nyingi ni maji tu yaliyomwagika.

Ndiyo maana Eliya alipotaja kituo anachofundisha nilidondosha patasi, na wewe ukadhani ni hasira juu yake. Kumbe ni kituo kile kile alikozikwa shangazi yako. Na aliyemfundisha kusoma ni Andrea, mume wa shangazi yako. Eliya hajui kitu, msikasirikiane bure. Nilipopiga kelele siku ile sikuwa nampigia yeye. Nilikuwa naona kitu kile kile kinakuja tena kwa njia ile ile, kimevaa kanzu safi, kina adabu, na mimi nasikia mdomo wangu unaanza kusema maneno yale yale. Yale yale, Agata! Nilikaribia kukwambia habari ya utumwa. Neno lilikuwa hapa, kooni.

Sasa nikueleze nilikokwenda mwezi uliopita. Niliaga kwamba nakwenda Ngerengere kutazama magogo. Nilipanda gari moshi nikapita Ngerengere bila kushuka. Nilishuka mbele sana, nikatembea siku moja na nusu, nikiuliza njia kama mwizi anayeogopa kutambuliwa.

Kanisa lao nililiona kwanza. Nitakwambia ukweli wa fundi: ni ghala. Kuta nyeupe tupu, hakuna sanamu, hakuna picha, hakuna hata taa ya altare. Ukutani kuna mstari wa Maandiko, umeandikwa kwa rangi ya buluu na mtu ambaye hakupima nafasi, herufi zimeanza nene na mwishoni zimesongamana kama abiria. Nilichukia. Nikasema moyoni, binti yangu ataangalia nini humu akiwa na huzuni? Jicho litatua wapi? Nikakaa benchi la nyuma. Benchi lenyewe linacheza, mguu mmoja mfupi. Wakaanza kuimba. Mwanangu, sisi tunaimba Kilatini vizuri, lakini wachache ndio wanaoimba, wengine tunaitikia. Hawa waliimba wote, mpaka vikongwe, mpaka wanaonyonyesha, sauti nne nne, kila mtu anajua pake. Nikajua kwa nini Luisia hakurudi. Si mwanamume tu. Alikuwa na sauti ile, na kwetu hakuwa na mahali pa kuiweka isipokuwa mtoni.

Andrea amezeeka. Alinitambua kabla sijasema, kwa alama ya shingo, alikuwa amesimuliwa. Nilingoja anitukane. Alisema, "Karibu shemeji. Umechelewa kidogo," akaniletea maji ya kunawa. Akanipeleka makaburini.

Msalaba wangu upo. Mkangazi haujaoza. Lakini pale penye z pana tundu. Andrea aliniambia Luisia alikaa pale kaburini na kisu cha jikoni toka asubuhi, akijaribu kuigeuza ile z iwe s. Alichimba, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimechimba sana, mbao ikapasuka ikatokea upande wa pili. Wazee wa kanisa wakataka kuung'oa na kuutupa, yeye akakataa. Aliwaambia, "Ni wa kaka yangu. Uacheni." Umesimama hivyo mpaka leo, YE, tundu, U.

Pembeni yake pana kaburi kubwa halina kitu. Udongo na mawe pembezoni. Nikamuuliza Andrea, mbona mke wako hana msalaba, miaka yote hii? Hakukasirika. Alisema, "Alisema wewe ndiye utakayemchongea. Tukasubiri."

Nilikaa chini. Nilikaa pale kwenye majani kama mtoto. Nililia kwa sauti, Agata, mtu mzima, mbele ya Mlutheri, na yeye akaketi kando yangu akitoa magugu kaburini kwa mkono, hakuniambia nyamaza.

Nikamuuliza jina la mtoto. Alisema alikuwa wa kike, alibatizwa Maria, lakini mama yake alikuwa akimwita Nalupa. Andrea akaniuliza kama ni jina la kwetu, maana Luisia alimwambia ni jina la mama yake mzazi.

Mama yangu, Agata. Bibi yako. Mimi niliyekuwa mkubwa, niliyekuwa na miaka tisa, niliyekuwa nikimdharau mdogo wangu kwamba hakumbuki kitu, nilikuwa nimelisahau jina la mama yangu. Nilikwisha kulitafuta mpaka nikaacha. Yeye, wa miaka mitano, alikuwa nalo muda wote. Angenipa kama ningeuliza. Niliandika z ya kina cha nusu kidole, na jina la mama yangu lilikuwa limelala chini ya msalaba ule ule.

Sasa unajua. Na usifikiri nimekuwa mtu mwingine. Sikwambii kwamba makanisa yote ni sawa, maana sijui, na padri wangu anasema si sawa, na mimi ni mtu wa kutii. Nikifikiri kwamba utakufa bila mafuta ya mwisho, bila padri kando yako, naamka usiku kukuombea. Nimefundishwa tangu utotoni kwamba nje ya mlango huu kuna giza, na sijui namna ya kuacha kuamini hivyo kwa sababu tu nakupenda. Nakupenda na ninaogopa, vyote viwili, na havipatani, na sina fundi wa kuviunganisha. Mwanzo nilidhani nitakuandikia nikishapata jibu. Jibu sijapata. Gari moshi ni kesho.

Rozari yako nimeifuta vumbi nikaivaa mimi. Sikulazimishi uichukue. Nitaisali kwa ajili yako, na ikiwa huko kwenu mnaona ni kazi bure, basi niache nifanye kazi bure, nimefanya nyingi. Neno moja tu nakuomba, nalo si la dini. Mtu akikujia na msiba, awe wa kwenu au wa kwetu, awe Mwislamu, awe wa mizimu, muulize kwanza jina la marehemu. Mengine yote yatangoja.

Msalaba wa shangazi yako nimeumaliza juzi. Ndio ule uliofunikwa shuka pale pembeni, uliodhani ni ubao wa kitanda. Umeandikwa LUISIA, BINTI NALUPA, DADA YA MIKAELI. Basi, hakuna zaidi. Padri wa sasa, huyu kijana, aliuona Jumapili akaniuliza ni wa nani, na unakwenda wapi. Nikamwambia. Ni mtu mwema, usimchukie, amekabidhiwa sheria na anaogopa kuivunja kama mimi nilivyoogopa. Aliniambia kwa upole kwamba kupeleka msalaba si kosa. Lakini mzazi atakayekwenda kumkabidhi binti yake kwenye arusi ya Walutheri, huyo asije tena kupokea komunyo, mpaka atubu mbele ya watu. Kwangu hilo si dogo. Wewe ukifukuzwa mahali, una wajomba. Mimi nikiondolewa pale mezani, nitakuwa yule wa kamba shingoni tena. Nimeishi wiki nzima na jambo hilo, ndiyo maana nimekuwa mkali hata kwa kuku.

Na jana jioni mkiwa mnapepeta mchele uliniuliza, bila kunitazama, "Baba, nikifa huko Uzaramo, utakuja kunizika?" Mama yako akakukaripia, eti usijitabirie mabaya. Mimi nikainuka nikaenda kuwamwagia kuku mtama. Walikuwa wamekwisha kula.

Leo ulipoondoka karakana nilikwenda kwa padri, kwenye mvua, na aproni yangu. Nikamwambia nakwenda. Aliinamisha kichwa, akaniuliza, "Mikaeli, utatubu lini?" Nikamjibu kwamba niliyomtenda dada yangu nimekwisha kuyatubia, na nitaendelea kuyatubia mpaka nife. Hili la kumpeleka binti yangu siwezi, kwa sababu kutubu maana yake ni kusema sitarudia, na wewe una wadogo zako wawili wa kike. Alinitazama sana. Akanibariki, lakini hakubadili neno.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Sisubiri ufe. Mmoja nilimsubiri. Nakuja sasa, ukiwa mzima, nikuone unacheka, nikukabidhi kwa mkono wangu kwa Eliya, na kama wazee wao wataniambia nikae nyuma, nitakaa. Mama yako angekuja pia kama bibi yako mzaa mama asingekuwa mgonjwa, ameniambia nilie kwa zamu yake.

Kesho usiniage, mwanangu. Mwambie mama yako aongeze shuka langu kwenye mzigo.

Baba yako,
Mikaeli